Mzinga wa PhET: tathmini ya mwalimu kuhusu programu ya kujifunzia mwendo wa kitu kilichorushwa

Nafundisha fizikia kwa wanaoanza, na kila ninapofika sura ya mwendo wa kitu kilichorushwa nakutana na jambo lilelile. Mwanafunzi amekariri fomula, anaziingiza namba, jibu linatoka sawasawa. Kisha namuuliza: mpira ukifika juu kabisa ya njia yake, mchapuko wake, yaani kiwango ambacho kasi yake inabadilika kila sekunde, ni kiasi gani? Anajibu bila kusita kwamba ni sifuri, kwa sababu hapo mpira "umetulia". Fomula anayo, mwendo wenyewe hajauona bado.

Programu ninayoitathmini hapa inatibu ugonjwa huo hasa. Ni mwigo (simulation) wa mwendo wa kitu kilichorushwa uliotengenezwa na mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Programu ni ya bure, inafunguka ndani ya kivinjari cha kompyuta au simu, na haikuombi ufungue akaunti. Unapewa mzinga, uwanja mtupu, shabaha chini, na vitu vya kurusha: tufe la chuma, boga, mpira wa gofu, piano, gari, hata mtu. Unapanga kasi, pembe na kimo cha mzinga, unabofya kitufe chekundu, kitu kinaruka na nyuma yake kinaacha mstari wa njia kilikopita.

Nianze na kinachonifanya niipende, maana hapo ndipo penye mengi.

Skrini ya utangulizi ina jaribio moja ambalo peke yake linatosha kunifanya niipendekeze programu hii. Inua mzinga hadi mita 10, uelekeze mlalo kabisa, nyuzi 0, na ukinzani wa hewa uuache umezimwa. Rusha kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde. Chukua kipimio, kile kidude chenye msalaba, ukiweke pale kitu kilipotua. Kinakusomea mambo matatu: muda, umbali wa mlalo, na kimo. Umbali utakuwa mita 7.14, na muda sekunde 1.43. Sasa rusha tena kwa mita 10 kwa sekunde, halafu kwa 15. Umbali unakwenda mita 14.28, kisha 21.42. Muda je? Bado sekunde 1.43. Shusha kasi hadi sifuri kabisa, kitu kidondoke tu mdomoni mwa mzinga, na muda ni uleule.

Wanafunzi wengi hapa hunyamaza. Wanadhani kitu kilichorushwa kwa nguvu zaidi kinakaa hewani zaidi, kwa sababu kinafika mbali zaidi. Kumbe kuanguka kunaendelea kwa hesabu yake na kwenda mbele kunaendelea kwa hesabu yake, na hakuna anayemwingilia mwenzake. Ukishalishika hilo, sura nzima inafunguka, kwa sababu kila swali ni maswali mawili madogo yanayoshirikiana kitu kimoja tu: saa. Kwa upande wa wima unauliza kitachukua muda gani kufika chini. Kwa upande wa mlalo unauliza muda huo utakipeleka umbali gani. Basi.

Ningeweza kuyasema hayo ubaoni, na huwa nayasema. Lakini mwanafunzi akibadilisha kasi kwa mkono wake mwenyewe, akaona umbali unarefuka na muda unagoma kubadilika, simuoni tena akirudia kosa lile kirahisi.

Jaribio la pili ninalolipenda ni la pembe. Teremsha mzinga hadi chini, kasi iwe mita 15 kwa sekunde, rusha kwa nyuzi 30, kisha kwa nyuzi 60. Njia ya kwanza bado inabaki kwenye skrini, kwa hiyo unaziona mbili pamoja: moja imelala, nyingine imepanda juu sana, na zote mbili zinatua mahali pamoja, mita 19.86 kutoka mzingani. Usiishie kushangaa. Soma kipimio. Ile ya nyuzi 30 ilikaa hewani sekunde 1.53 na kufikia kimo cha mita 2.87. Ile ya nyuzi 60 ilikaa sekunde 2.65 na kupanda hadi mita 8.60. Igawe kasi ya mwanzo katika sehemu zake: kwa nyuzi 30, kasi ya mlalo ni 12.99 na ya wima ni 7.5. Kwa nyuzi 60 namba ni zilezile zimebadilishana viti. Moja ina haraka ya kwenda mbele lakini muda wake ni mfupi; nyingine inakwenda mbele polepole lakini ina muda wa kutosha. Zidisha kasi ya mlalo kwa muda na unapata umbali ule ule. Ndiyo sababu pembe zinazojumlishwa zikafika nyuzi 90 huwa pacha, na ndiyo sababu ile ya 45, isiyo na pacha, ndiyo inayofika mbali kuliko zote: mita 22.94 kwa kasi hii.

Hapo ndipo mwanafunzi anaandika daftarini kwa herufi kubwa kwamba nyuzi 45 ni bora daima. Namwachia aandike, kisha namwambia apandishe mzinga hadi mita 10 na ajaribu tena kwa kasi ileile ya 15. Kwa nyuzi 45 kitu kinafika mita 30.47. Kwa 40 kinafika 31.21. Kwa 35, mita 31.37. Neno "daima" linafutwa. Sababu yake inafaa kujadiliwa kwa dakika kadhaa: ukirusha kutoka juu, tayari una muda wa bure wa kuanguka, kwa hiyo huhitaji kutumia kasi nyingi hivyo kupanda. Ni afadhali sehemu kubwa zaidi ya kasi iende mbele. Kwa hesabu kamili pembe bora hapa ni nyuzi 36 na kidogo, lakini mzinga wa programu unageuka kwa hatua za nyuzi 5, kwa hiyo 35 ndiyo unayoweza kuikaribia nayo.

Kuna jambo lingine hapo hapo ambalo walimu wengi hulipita. Kitu kilichorushwa kutoka mita 10 kwa kasi ya 15 kinagonga ardhi kwa kasi ya mita 20.52 kwa sekunde, pembe iwe yoyote, hata ukikielekeza chini moja kwa moja. Programu haikuonyeshi namba hiyo. Unaipata kwa kalamu, kupitia kanuni ya uhifadhi wa nishati. Napenda kuunganisha sura mbili za fizikia kwa swali la namna hiyo.

Skrini ya vekta ndiyo moyo wa programu, na ndiyo inayojibu lile swali langu la mwanzo. Washa vekta, yaani mishale inayoonyesha ukubwa na mwelekeo, za kasi na za mchapuko, chagua zionyeshwe kwa sehemu zake za mlalo na wima, hakikisha hewa imezimwa, punguza mwendo wa saa, kisha rusha. Mshale wa kasi ya mlalo unabaki na urefu uleule kuanzia mdomo wa mzinga hadi ardhini. Mshale wa kasi ya wima unaanza mrefu ukielekea juu, unafupika, unapotea kileleni, kisha unazaliwa upya ukielekea chini. Na mshale wa mchapuko? Umeelekea chini tangu mwanzo hadi mwisho, haurefuki, haufupiki, na pale kileleni upo vilevile. Simamisha mwendo hapo. Mwambie mwanafunzi auangalie. Kasi ya wima ni sifuri kwa nukta moja tu ya muda, ila inaendelea kubadilika kwa mita 9.81 kwa sekunde, kila sekunde. Kama mchapuko ungekuwa sifuri kileleni, kitu kingeendelea mlalo vilevile na kisingeshuka kamwe.

Kisha washa vekta za kani, yaani nguvu zinazokivuta au kukisukuma kitu. Hili ndilo linalowashtua wengi zaidi, kwa sababu kichwani mwao kuna "nguvu ya mzinga" inayosafiri pamoja na kitu, inayokisukuma mbele mpaka ikachoka. Kwenye skrini hakuna mshale wa aina hiyo. Bila hewa kuna kani moja tu, ya mvutano wa dunia, na inaelekea chini. Mzinga ulikwisha kazi yake pale kitu kilipotoka mdomoni. Kitu hakihitaji kusukumwa ili kiendelee kwenda mbele. Wazo hili liliwasumbua watu wenye akili kubwa kwa karne nyingi kabla ya Galileo kuchapisha, mwaka 1638, kwamba njia ya kitu kilichorushwa ni parabola, yaani pinde lenye pande mbili zinazofanana, kwa kuchanganya mwendo wa mlalo usiobadilika na kuanguka kunakoongezeka kasi. Kwa hiyo mwanafunzi anayepata shida hapa asijione mjinga. Anapambana na jambo gumu kweli.

Sasa hewa. Hapa programu inafanya kitu ambacho vitabu vingi vya mwanzo hukikwepa kwa sentensi moja, "tuchukulie hakuna ukinzani wa hewa". Ukiwa umezima hewa, rusha piano kisha mpira wa gofu kwa kasi na pembe ileile: njia moja, mahali pamoja pa kutua. Tungamo, yaani kilo za kitu, halina usemi. Washa hewa, na kila kitu kinakwenda njia yake. Boga linabaki nyuma ya tufe la chuma. Kwa nini? Tuchukue boga la kilo 5 lenye kipenyo cha sentimita 37, kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde. Kani ya hewa juu yake inakaribia niutoni 9, na ukiigawa kwa kilo 5 unapata mchapuko wa karibu mita 1.8 kwa sekunde mraba, karibu sehemu ya tano ya ule wa mvutano. Hilo si dogo. Tufe la chuma la kilo 17 na ushei lenye kipenyo cha sentimita 18 linapata chini ya 0.1. Hewa ipo kwa wote wawili, ila mmoja ni mpana na mwepesi, mwingine ni mwembamba na mzito.

Angalia pia umbo la njia. Bila hewa, nusu ya kupanda na nusu ya kushuka zinafanana kabisa. Hewa ikiwashwa, kitu kinashuka kwa mteremko mkali kuliko kilivyopanda, na kilele kinasogea karibu na mahali pa kutua. Ukinzani unafuata mraba wa kasi: kasi ikizidishwa mara mbili, kani ya hewa inazidi mara nne. Skrini ya ukinzani inakuruhusu kubadilisha umbo la kitu chenyewe, kuanzia lile lililochongoka kama tone hadi lile bapa linalozuia hewa, na pia kupandisha mwinuko hadi mita 5000 kutoka usawa wa bahari, ambako msongamano wa hewa ni takriban asilimia 60 ya ule wa chini. Mwanafunzi anaona mwenyewe kwamba mahali pa juu kitu kinaruka mbali zaidi. Sijaona kitabu cha mwanzo kinacholionyesha hili vizuri hivi.

Skrini ya maabara inakusanya yote na kuongeza uwezo wa kubadilisha mvutano. Jaribio lake zuri ni hili: kasi ya 15 kwa nyuzi 45, bila hewa, mvutano ukiwa 5 (wa dunia ni 9.81), kisha 10, kisha 20. Umbali ni mita 45, kisha 22.5, kisha 11.25. Kimo, muda, umbali, vyote vinapungua kwa nusu kila mvutano unapoongezeka maradufu. Lakini ukiutazama mchoro, umbo ni lilelile limepunguzwa tu: umbali ni mara nne ya kimo, kila mara.

Hapo nina malalamiko. Mvutano unaanzia 5 na kuishia 20. Maana yake Mwezi, wenye 1.62, haufikiki, wala Mirihi yenye 3.7. Mwaka 1971 Alan Shepard wa Apollo 14 alipiga mipira ya gofu juu ya Mwezi, na hilo ndilo swali la kwanza mwanafunzi yeyote analouliza akiona kitufe cha mvutano. Inabidi nimpe kalamu: 15 kwa nyuzi 45 juu ya Mwezi ni karibu mita 139. Jibu linapatikana, ila lingependeza kuonekana.

Mapungufu mengine nayataja haraka. Vekta zinaonyeshwa kwa urefu bila namba, jambo ambalo mimi binafsi silichukii, kwa kuwa linamlazimisha mwanafunzi kukokotoa. Hakuna upepo. Hakuna mzunguko wa mpira, kwa hiyo mkwaju wa kona unaopinda hewani hauwezi kuelezwa hapa, na yeyote anayetaka kuchambua soka kwa programu hii ataishia nusu njia. Vitu havidundi vikitua. Ardhi ni tambarare moja. Unaweza kuinua mzinga lakini huwezi kurusha juu ya paa au kwenye mteremko, na mitihani inapenda sana maswali ya mteremko.

Kuna hatari moja ambayo si ya programu bali ya namna inavyotumiwa. Ukilenga shabaha vizuri, nyota zinachomoza. Ukiwaachia wanafunzi hapo bila mwongozo, watasogeza kitu hiki na kile hadi nyota zitoke, na watakuwa wamefurahi bila kujifunza chochote. Kulenga kwa kubahatisha ni rahisi mno, kwa sababu kila kosa linakuonyesha pa kurekebisha. Kwa hiyo kwangu sheria ni moja: hakuna kubofya kitufe chekundu kabla ya kuandika utabiri. Nawapa kimo cha mita 10, mzinga mlalo, shabaha kwenye mita 15.7, nawauliza kasi. Wanakokotoa muda wa kuanguka, sekunde 1.43, wanagawa, wanapata karibu 11. Hapo tu ndipo wanarusha. Nyota zikichomoza kwa jaribio la kwanza, furaha yao ni ya namna nyingine kabisa, na wasipopata, wanarudi kwenye daftari badala ya kurudi kwenye vitufe. Na yule aliyekosea huwa amekosea mahali panapojulikana: ametumia kasi nzima badala ya sehemu ya wima, au amesahau kimo, au kikokotoo chake kimewekwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya nyuzi.

Kwa anayejifunza peke yake bila mwalimu, naipendekeza bado, kwa sharti hilohilo la utabiri kwanza. Aanze na skrini ya utangulizi, akae sana kwenye ya vekta, na asiikimbilie ile ya maabara kwa sababu ina vitufe vingi. Aliyekwisha kufaulu mitihani ya fizikia ya mwanzo atafaidika zaidi na skrini ya ukinzani, maana huko hakuna fomula fupi ya kukupa umbali. Kompyuta inalazimika kuhesabu hatua ndogo baada ya hatua ndogo, na hilo lenyewe ni somo.

Kwa mwalimu nasema wazi kwamba programu hii haiondoi jaribio la mkono. Kabla ya kuifungua, huwa naweka sarafu mbili ukingoni mwa meza, moja naisukuma idondoke wima, nyingine naipiga kwa kidole iruke mbali, kwa wakati mmoja. Tunasikiliza. Mlio ni mmoja. Meza yenye kimo cha sentimita 80 inazipa sarafu zote mbili sekunde 0.4. Mwanafunzi asiyesikia mlio ule anaweza kudhani mwigo umetengenezwa tu ili ukubaliane na kitabu, na shaka hiyo ni ya haki: programu inafuata kanuni tulizoiwekea, wakati sarafu hazijui kanuni yoyote.

Nikipewa nyota tano za kutoa, natoa nne na nusu. Nusu naizuia mpaka Mwezi ufikike. Jambo la mwisho kwa wenye intaneti ya kusuasua: ukurasa wa programu una kitufe cha kupakua. Unapata faili moja, unaihifadhi kwenye flashi, na kompyuta yoyote yenye kivinjari cha kisasa inaifungua bila mtandao. Ipakue kabla ya siku ya kipindi, ifungue mara moja ukiwa umezima mtandao kuhakikisha inafanya kazi, kisha igawe kwa wanafunzi wote waende nayo.